Spika ya kuchaji kwa mshairi anayesafiri: maoni yangu baada ya kuzunguka nayo

Hii ni ya washairi wenzangu wa jukwaani, hasa wale mko kama sisi, mnatoka Nairobi na mat kwenda kusoma Nakuru, Kisumu, Eldoret, Mombasa, bila meneja, bila fundi wa mitambo, bila gari, ni nyinyi na begi na mashairi kwa kichwa. Mimi na mwenzangu tumekuwa tukizunguka na spika ya kuchaji, zile za magurudumu zenye mkono wa kuvuta, inchi nane, betri iko ndani, na kwa boksi inakuja na maiki mbili zisizo na waya. Watu wengi wananiuliza kama hizi spika zinaweza kazi yetu ama ni za sherehe za nyumbani tu. Jibu langu ni zinaweza, na zinaweza vizuri sana, nanunua tena hata leo, lakini spika yenyewe ndio inafaa, zile maiki za kwa boksi hazifai mashairi kabisa na nitaeleza kwa nini.

Jina la kampuni siweki. Ukienda Luthuli Avenue, ile barabara ya maduka ya vifaa vya sauti Nairobi, utapata hizi boksi zimepangwa duka baada ya duka, umbo ni lile lile, nembo ndio tofauti, na nembo yenye uko nayo leo unaweza kurudi miezi michache baadaye usiipate tena. Kwa hivyo angalia vitu venye nitataja hapa, wachana na jina.

Kwanza nianze na sababu ya kununua, juu kuna wenye watasema kila ukumbi tayari uko na mitambo yake. Nairobi sawa, ukisoma Kenya National Theatre ama Alliance Française unapata mitambo na mtu anayejua kazi yake, unapanda steji unasoma unashuka. Ukitoka nje ya mji hadithi inabadilika. Unaalikwa na klabu ya vijana, ukumbi ni chumba cha mikutano cha hoteli ama social hall ama darasa la shule, na unaambiwa mitambo iko, halafu ukifika unapata iko kweli lakini imefungwa kwa stoo na mwenye ufunguo amesafiri. Ama unaambiwa ukodi, na ukikodi kijana wa mitambo anakuja na spika kubwa za disko matanga, na pesa ya kumlipa inakula karibu yote yenye mngepata mlangoni. Sisi tunatoza mia mbili mlangoni, saa zingine mia tatu, na hiyo pesa ndio nauli ya kwenda mji unaofuata, ndio chumba, ndio chakula. Ukiondoa ya kukodi mitambo kwa kila mji, ziara haiwezekani, ni hesabu tu.

Na kuna wenye wanasema mshairi wa kweli hahitaji maiki, apaze sauti. Hiyo sikubali hata kidogo. Kupaza sauti unaweza usiku wa kwanza. Usiku wa pili koo inakwaruza, na ukifika mji wa tatu umebaki na sauti ya kunong'ona, tangawizi na asali haisaidii juu nyuzi za sauti zimevimba na dawa yake ni kunyamaza, na wewe kunyamaza huwezi, una shoo kesho. Halafu shairi la kupigiwa kelele limekufa nusu. Kuna mistari inataka kusemwa polepole, karibu kimya, na mtu wa mstari wa nyuma amelipa mia mbili sawa na wa mbele, ana haki ya kusikia huo mstari venye ulivyoandikwa. Mimi hili ndilo naliangalia kwa kila kifaa cha sauti: je, yule wa nyuma kabisa amepata kila neno?

Sasa kununua. Muuzaji atakuwekea muziki wa besi mpaka kioo cha duka kitetemeke, juu wateja wengi wanataka hiyo. Sisi tulifanyiwa hivyo hivyo, kijana akaniambia, "Sista, hii ni wati elfu tatu, hii inabeba harusi mzima." Nikamwambia, "Sawa kaka, zima muziki kwanza, niwekee maiki nisome." Alishangaa lakini akaweka. Mwenzangu akavuka akasimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la simu, na nyinyi mnajua kelele ya Luthuli mchana, mikokoteni, wauzaji wanaita, kila duka na muziki wake, na mimi nikasoma ubeti mmoja kwa sauti ya kawaida ya kuongea. Alikuwa ananionyesha vidole, kidole kimoja kwa kila mstari aliousikia mpaka mwisho. Spika ya kwanza mistari ilipotea. Ya pili, yenye ilikuwa na besi kidogo na hata bei ilikuwa chini, alisikia ubeti wote, na hiyo ndio tulibeba. Tuliskizana kwa elfu kumi na nne. Nakusihi usinunue spika bila kufanya hivi, nenda na mtu mwenye masikio, asimame mbali, soma kitu hajawahi kukisikia, juu akiwa anakijua atajazia maneno mwenyewe kwa akili.

Hizo wati elfu tatu za kwa boksi usizitilie maanani. Wanaandika PMPO, yaani ile nguvu ya juu kabisa ya nukta moja, na kila kiwanda kinaihesabu venye kinataka. Nguvu ya kufanya kazi mfululizo huwa inaandikwa RMS, kwa maandishi madogo nyuma ya spika karibu na mahali pa kuchomeka chaja, na kwa hizi ndogo huwa ni makumi tu ya wati, si maelfu. Usiogope, kwa sauti ya mtu anayeongea hiyo inatosha ukumbi wa watu sitini sabini wametulia. Ukiwa nje uwanjani hapo ni maneno mengine, juu nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti, kila ukiongeza umbali mara mbili unapoteza desibeli 6, ukimwona mtu amekaa mbali mwambie asogee, ni rahisi kuliko kununua spika kubwa.

Kitu chenye naomba mshike ni hiki cha besi. Nguvu ya sauti ya mtu iko kwa irabu, a e i o u, hizo zinasikika hata na spika mbovu. Lakini maana inabebwa na konsonanti, s, t, k, f, sh, na hizo ni nyembamba, hazina nguvu, ziko juu kule kwa masafa ya hezi 2000 kwenda juu, na besi ikijaa inazimeza. Kwa sisi wenye tunaandika na vina hii ni janga. Umekaa usiku mzima ukitafuta kina cha ta, halafu ukumbini watu wanasikia aa, aa, aa, na mwingine wa vina vya ka akipanda baadaye inakuwa ni aa ile ile. Kwa hivyo sisi kwenye spika yetu besi tunashusha karibu mpaka chini, trebo, yaani zile sauti nyembamba za juu, tunapandisha kidogo, na kile kitufe cha mwangwi tunazima kabisa kabisa. Mwangwi unapendeza mtu akiimba, lakini kwa shairi kila neno linakanyagwa na mkia wa neno lililotangulia. Nimeona washairi wazuri sana wakimaliziwa shoo na kijana wa mitambo mwenye alikuwa anawapenda, anaongeza mwangwi akidhani anawasaidia.

Tukija kwa maiki za boksi. Hazina waya, ni nyepesi, zinang'aa, na ukizijaribu dukani ziko sawa. Shida yake iko mahali viwili. Moja, hizi za bei ya chini nyingi zimefungwa kwa masafa fulani ya redio tu kutoka kiwandani, huwezi kubadilisha, na spika za aina hiyo hiyo ziko kila mahali nchini, makanisani, kwa mikutano ya nje, kwa wauzaji wa dawa za panya na kunguni. Kisumu tulikuwa na shoo jioni, mwenzangu ako katikati ya shairi la babake, lile refu, mahali pa kunyamaza kabla ya ubeti wa mwisho, na hapo kwa hicho kimya spika yetu ikatoa sauti ya mhubiri mzima mzima, "...na wewe unayenisikia usiku wa leo..." Alikuwa kwa uwanja wa nyuma, ana maiki kama yetu, hakuwa na kosa lolote. Mwenzangu akazima maiki, akasogea mbele akamalizia kwa mdomo, na watu wakamsikiliza kwa heshima, lakini kile kimya chenye alikuwa amekijenga kwa dakika nne kilikuwa kimeenda na hakingerudi. Shida ya pili ni kwamba hizo maiki zinakata herufi ukigeuza kichwa kidogo, na betri yake ikianza kuisha haikuambii, inaanza kukwaruza tu. Fikiria uko kwa slam, yale mashindano ya mashairi jukwaani, una dakika 3, ukipitisha unakatwa pointi, na maiki inakukatia maneno, jaji ataandika nini?

Dawa ni maiki ya waya. Karibu kila spika ya aina hii iko na shimo la jeki kubwa, ile ya milimita 6.35, ukichomeka maiki ya kawaida ya waya umemaliza hayo yote, hakuna masafa, hakuna betri, hakuna mhubiri. Ukiwa na pesa Shure SM58 ndio ile maiki unaona kila steji duniani, imeuzwa tangu 1966 na haijabadilika sana, inaanguka inaokotwa inaendelea. Lakini bandia zake ni nyingi mno, ukiona bei ni ya kutupa jua si yenyewe. Sisi tuko na ya waya ya bei ya kawaida na inatosha. Hakikisha tu ni ya aina ya dainamiki, juu zile za kondensa zinahitaji volti 48 kutoka kwa mitambo na hii spika haina hizo. Nunua waya mrefu, mita tano hivi ama zaidi, na solotepu ya kubandika waya sakafuni mtu asijikwae.

Kuhusu kulia kwa maiki, ile piiiii. Hiyo ni maiki inasikia spika, spika inarudisha, maiki inasikia tena, mduara. Weka spika mbele yako, kando, uso wake ukiangalia watu, wewe usimame nyuma yake. Usiiweke nyuma ya mgongo hata kama hapo ndio soketi iko. Na kile kichwa cha maiki chenye wavu usikifunike na kiganja kama wale wasanii wa rap, maiki nyingi zimetengenezwa zisikie mbele na zisisikie nyuma, ukifunika pale nyuma ya wavu umeiharibia masikio, inaanza kusikia kila upande na hapo ndipo inalia. Halafu iinue. Spika ikiwa sakafuni zile konsonanti zinaishia kwa magoti na migongo ya watu wa mbele. Chini ya spika kuna tundu la kuweka stendi, lakini sisi stendi hatubebi juu ni nzito, tunaomba meza, juu ya meza tunaweka kiti cha plastiki kama kiko imara, mradi spika ipite vichwa vya watu waliokaa.

Betri ndio kitu kilinifanya nipende hii spika kabisa. Nakuru stima iliisha ukumbi umejaa, na wenye mmewahi kufanya shoo nje mnajua venye hiyo huwa ndio mwisho, watu wanaanza kuwasha tochi za simu na kutafuta mlango. Sasa watu waliwasha tochi za simu, lakini wakazielekeza kwetu, juu sauti haikukatika hata sekunde moja. Tukasoma mpaka mwisho hivyo. Kuna mama alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, alikuja kusaidia mjukuu wake kuuza njugu, akanishika mkono akaniambia, "Mjukuu wangu, mimi masikio yangu ni ya uzee, lakini yako yote nimeyapata." Kwa hiyo peke yake niliona pesa yangu imerudi.

Lakini hiyo betri inataka adabu. Nyingi ni zile nzito za asidi na risasi, volti 12, kama ya pikipiki hivi. Ukiiacha ikae bila chaji wiki na wiki inajiharibu ndani, haitashika chaji tena. Kwa hivyo ukimaliza ziara usiisukume chini ya kitanda ikiwa imeisha, ichaji ijae ndio uiweke, na kila mwezi irudishie kidogo hata kama huna shoo. Kwa sauti ya kuongea tu, bila muziki wa nguvu, jioni nzima inaenda bila shida. Ukiweka biti kutoka kwa simu inakula zaidi. Na hapo kwa biti, blutuu iko na inashika, ila kuna kuchelewa kidogo, kwa kusikiliza hutajua, lakini ukiwa unabonyeza simu mwenyewe ili biti iingie na neno fulani utaona haiingii pale pale. Tumia waya mdogo wa simu.

Barabarani sasa. Uzito wake ni kitu kama kilo kumi, inabebeka lakini si ya kutembea nayo kutoka Nyamakima mpaka Railways. Kwa mat ongea na makanga kabla hujaketi, si baada, mwambie, "Kiongozi, niko na spika, inaingia wapi?" na muelewane bei ya mzigo hapo hapo. Kwenda Nakuru mara nyingi inaingia nyuma kwa buti na unaongeza kidogo, gari ikiwa imejaa wanataka iwekwe juu kwa keria na hapo kataa, si kwa sababu ya kuanguka, ni vumbi na mvua. Ilazwe? Hapana, isimame, koni, ile sehemu ya mviringo inayotoa sauti, iangalie mbele ya gari na iegemezwe na begi la nguo. Kwenda Mombasa sisi tunapanda treni ya SGR, Syokimau mpaka Miritini, nauli ya viti vya kawaida ilipanda ikafika 1500 Januari 2024. Mizigo inapangwa chini mbwa wa ulinzi wapite, halafu inapita kwa skana, spika yetu imepita bila maswali. Kwa behewa inakaa sawa kwa nafasi ya mizigo ama karibu na miguu. Fika mapema tu, ule ukaguzi unachukua muda, na kitambulisho usisahau.

Mombasa niseme kidogo juu pale ndipo spika inapimwa kweli. Sisi wa Nairobi tunapigiwa makofi kwa hisia, kwa kiki, kwa mstari mmoja mkali. Mombasa ni mji wa Muyaka, yule mshairi mkubwa wa zamani, watu wanasikiliza mizani, ukisoma tarbia, shairi la mishororo minne kwa ubeti, kuna mzee pale anahesabu silabi 8 na 8 kwa kila mshororo bila hata kukuangalia, ukipunguza moja anajua. Tulisoma sehemu ya wazi karibu na bahari na upepo ulikuwa unavuma kutoka majini, na upepo kwa maiki unasikika kama mtu anapasua shuka, kwa hivyo beba sponji ya kufunika kichwa cha maiki, ni shilingi mia tu hivi na inaokoa shoo. Baada ya kumaliza mzee mmoja wa kanzu akaniita kando akaniambia, "Mwanangu, sauti yafika na maneno yafika. Sasa karekebishe ubeti wako wa tatu." Alinionyesha mshororo wenyewe, na alikuwa sahihi, na angeusikia vipi kama spika ingekuwa imejaa besi? Ule ubeti nimeurekebisha na sasa nausoma kila mahali venye alisema.

Mabaya yake sasa, na yako. Magurudumu ni madogo, ni ya sakafu ya tailsi, kwa kokoto na lami iliyopasuka yanakwama, beba tu. Mkono wa kuvuta unalegea. Taa za rangi zinazozunguka kwa koni, kwa spika yetu hakuna mahali pa kuzizima, na huwezi kusoma shairi la msiba na taa za disko zinakupiga, tumebandika kitambaa cheusi chepesi mbele, sauti inapita, taa haionekani. Ukiiwasha kuna sauti ya mwanamke inatangaza kwa Kiingereza kwamba imewaka, kwa nguvu, kwa hivyo iwashe kabla watu hawajaingia na usiizime mpaka waende. Alama ya betri haiaminiki, inaonyesha imejaa, imejaa, halafu ghafla imeisha. Chaja yenye inakuja nayo ni nyepesi sana na inapata moto, sisi tuliacha kuiacha usiku kucha, tunachaji tukiwa macho. Na garanti, omba iandikwe kwa risiti na mhuri wa duka, miezi mingapi na ni ya nini, betri huwa wanaitoa nje ya garanti bila kukwambia.

Kwa nyota napea spika nne kati ya tano, maiki za boksi moja. Kama wewe unasoma Nairobi peke yake kwa kumbi zenye mitambo, pesa hiyo nunua maiki yako nzuri ya waya uende nayo, spika huhitaji. Kama mko bendi na gitaa na ngoma, hii haitoshi, tafuteni kubwa. Lakini kama ni mtu mmoja, wawili, watatu, na maneno ndio kazi yenu, na mnataka kufika miji yenye haina ukumbi wa maana, nunueni, hata mkichanga.

Kifuniko hakiji nayo. Yetu tulishonewa na fundi wa viti vya mat pale Gikomba, turubai nje na sponji ndani, na mfuko wa pembeni wa waya na maiki. Mwambie aache tundu la mkono wa kuvuta na tundu la chaja, ndio msiivue kila saa.